Barabara Nyembamba za Lozère: Kimya Wanachokisifu Waandishi wa Baiskeli

Tim Krabbé anaanza riwaya yake De Renner (1978) katika mji mdogo wa Meyrueis, mkoa wa Lozère, kusini mwa Ufaransa, tarehe 26 Juni 1977. Msimulizi, ambaye naye anaitwa Tim Krabbé, ameshusha baiskeli garini na anaiweka tayari kwa mashindano ya siku hiyo. Kwenye mikahawa ya kando ya barabara wamekaa watu, watalii na wenyeji, wanamwangalia. Naye anawaangalia, na anachokiona kinamtia baridi: watu wasioshindana, yaani kwake yeye, watu ambao maisha yao hayana kitu ndani. Bado hajakanyaga pedali hata moja.

Wapenzi wa baiskeli wanaikariri sehemu hiyo kama kiapo. Mimi kila nikiisoma nakwama palepale. Majivuno hayanisumbui, majivuno ya mshindani asubuhi ya mbio ni jambo la kawaida, na Krabbé anajua vizuri anachokifanya. Kinachonikwamisha ni mahali. Lozère ndio mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa iliyoko Ulaya. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa na watu zaidi ya 140,000. Leo hawafiki 80,000. Kwa hiyo utupu Meyrueis upo kweli, ila haumo vifuani mwa waliokaa mkahawani. Umo kwenye nyumba zilizofungwa madirisha, kwenye matuta ya mawe ya mlimani yasiyolimwa tena, na umo kwenye barabara yenyewe, ile barabara nyembamba, tulivu, isiyo na magari, ambayo mwendesha baiskeli anaisifu kana kwamba iliumbwa hivyo.

Fasihi ya baiskeli katika vilima vya Ufaransa sasa ina umri wa zaidi ya miaka 120, na karibu yote inasifu kimya. Basi swali ninalokwenda nalo kwenye kila kitabu ni hili: hicho kimya kimetoka wapi, na mwandishi anasikia nini ndani yake?

Tuanze na lami kabla ya vitabu. Ufaransa ina barabara zenye urefu wa zaidi ya kilomita milioni moja ukizijumlisha zote, na nyingi ni hizi ndogo za mikoa na vijiji. Hazikujengwa kwa ajili ya matembezi. Sheria ya Mei 1836 ilizitaka halmashauri za vijiji zitengeneze na kutunza njia zao, na kwa miaka mingi wanakijiji walitoa siku za kazi kwa mikono yao wenyewe kuvunja kokoto na kujaza mashimo. Mwanahistoria Eugen Weber, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu namna wakulima wa Ufaransa walivyofanywa kuwa Wafaransa, anaziweka barabara sambamba na shule na jeshi: ndizo zilizomtoa mtu wa bondeni kwenye lahaja yake na soko lake dogo. Zilimtoa kwelikweli. Barabara iliyotengenezwa ili viazi na jibini vifike sokoni ndiyo hiyohiyo iliyompeleka kijana kwenye stesheni ya reli, na kutoka hapo mjini, na wengi hawakurudi. Katika milima ya Cévennes, ambayo Lozère imeishika kwa upande mmoja, ugonjwa wa nondo wa hariri uliua biashara iliyokuwa ikilisha familia nyingi. Louis Pasteur mwenyewe alikwenda Alès mwaka 1865 kuuchunguza. Halafu vikaja vita vya 1914 mpaka 1918. Pita kijiji chochote cha huko, hata chenye nyumba kumi, utakuta mnara wa majina ya waliokufa, na mara nyingi jina la ukoo mmoja linajirudia.

Ndiyo maana barabara ni tulivu. Penye miti hapana wajenzi, wanasema, lakini hapa wajenzi walikuwepo, wakajenga, wakaondoka.

Sasa, ukitaka kujua kwa nini waandishi wengi hawakulisikia jambo hili, sehemu ya lawama namtwika Roland Barthes. Katika Mythologies (1957) aliandika insha kuhusu Tour de France kama utenzi wa mashujaa. Insha ni nzuri, tena ina ucheshi uliofichwa. Humo milima ni wahusika, na Mont Ventoux ni mungu mbaya anayedai kafara. Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alifia kwenye mlima huohuo, na insha ikageuka kuwa utabiri. Tangu hapo kila mwandishi wa baiskeli anataka mungu wake. Utakuta kurasa na kurasa juu ya Ventoux, Tourmalet, Galibier. Lakini kilima kisicho na jina, chenye kona tatu na shamba la ng'ombe, ambacho ndicho unachokutana nacho siku nzima ukiendesha kule bara, hakipewi hata aya. Kilima kidogo hakiui mtu. Kinamchosha tu, na uchovu wa kawaida ni mgumu kuuandika kuliko kifo.

Hapa ndipo sifa ya Krabbé inapoanza, maana yeye uchovu wa kawaida anauweza. Nilikisoma kitabu chake kwa Kiingereza cha Sam Garrett (2002), na hata kupitia lugha mbili unasikia mapigo ya moyo. Hakuna sura za kawaida. Kitabu kinakwenda kwa kilomita, kama zile nguzo nyeupe zenye kofia ya njano zinazosimama kando ya barabara za mikoa ya Ufaransa. Kilomita inapita, sentensi mbili. Kilomita nyingine, kurasa tano, kwa sababu barabara imeinama kwenda juu na kichwa kimeanza kutangatanga: mbio za zamani, hesabu za gia, chuki ndogondogo kwa jamaa aliye mbele. Krabbé alikuwa mchezaji mzuri wa sataranji, na inaonekana. Kila mshindani anapimwa kwa hatua tatu zijazo. Yule Reilhan, kijana anayejibanza nyuma ya wenzake wakikata upepo, anachukiwa kwa ustadi ambao sijauona mahali pengi.

Halafu ana jambo moja ambalo ni la ukweli mchungu. Anasema kadiri mwili unavyojitahidi, ndivyo akili inavyopungua ukubwa. Kwenye mwinuko mkali hakuna mandhari, hakuna falsafa. Kinabaki kipande cha wimbo, au neno moja lisilo na maana linalozunguka na mnyororo. Hili linavunja uongo mkubwa wa vitabu vya safari, kwamba baiskeli inakuonyesha nchi kwa sababu mwendo wake ni wa polepole. Polepole ya nani? Unapopanda kutoka korongo la mto Tarn kwenda uwanda wa Causse Méjean, mita mia kadhaa za mwinuko kwa mpigo mmoja, unachokiona ni tairi la mbele na mita mbili za lami. Causse Méjean ni uwanda wa chokaa ulio juu karibu mita 1,000, kondoo wengi kuliko watu, mahali pa ajabu kabisa. Mshindani wa Krabbé anaupita kama mtu anayepita ukumbini gizani akitafuta swichi.

Kuna hadithi ndani ya kitabu ambayo wapenzi wote wanaijua. Jacques Anquetil, kabla ya kupanda mlima, alikuwa akiitoa chupa ya maji kwenye baiskeli na kuitia mfuko wa mgongoni ili baiskeli iwe nyepesi. Mpuuzi, utasema, uzito si uleule? Krabbé anaongeza kwamba alikuja kuona picha za Anquetil akipanda, na chupa iko palepale kwenye kishikio chake. Lakini hadithi anaitetea: inagusa roho ya mwendesha baiskeli, kwa hiyo ni kweli. Nadhani hapo ametupa ufunguo wa kitabu kizima. Anachokitafuta ni ukweli wa rohoni mwa mpandaji, si wa picha. Picha ingemwonyesha Meyrueis.

Kuna anayeweza kunipinga hapa, na ana hoja: mbona wapinzani wa msimulizi ni watu wa kawaida wa nchi hiyo, wanaoshindana Jumapili? Si hao ndio wenyeji? Ni kweli, na ndani ya kundi lile Krabbé anaona kila kitu, nani anahema vipi, nani anajifanya mzima. Lakini mtu lazima apande baiskeli kwanza ndipo awe mtu. Yule wa mkahawani anabaki pambo. Kitabu ambacho kwa miaka nimekisubiri ni cha huyo wa mkahawani: amekaa na kahawa yake, anamwona Mholanzi mwenye umri wa miaka thelathini na kitu akinyoa miguu na kuhesabu meno ya gia, na anajua kwamba nyumba tatu za mtaa wa nyuma zimefungwa tangu mama fulani afariki. Nani aliye mtupu hapo? Riwaya ya Krabbé ni kubwa vya kutosha kuliruhusu swali hilo. Haiulizi, lakini kwa kulianzisha kwa dharau namna ile imeacha mlango wazi.

Upande wa pili wa barabara amesimama Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio (1853 hadi 1930). Huyu alikuwa wa Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe, bunduki, utepe wa hariri na, baadaye, viwanda vya baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha jarida lililokuja kujulikana kama Le Cycliste, na humo akaandika bila kuchoka juu ya safari zake za vilimani. Ni mwandishi wa wastani, tuseme ukweli. Anahubiri sana. Ana amri zake za mwendesha baiskeli, kula kabla njaa haijauma, kunywa kabla ya kiu, na ile iliyo bora kuliko zote, kwamba mtu asikanyage pedali kwa ajili ya majivuno. Lakini alipigania kitu kimoja ambacho wahakiki wa fasihi hawakukipa uzito: gia za kubadilisha. Wakati Henri Desgrange, bwana wa Tour de France, akizikataa gia hizo kama kitu cha watu dhaifu (mbio zake hazikuziruhusu mpaka 1937), Vélocio alisema mpandaji anatakiwa afike juu akiwa na pumzi ya kutazama alipotoka.

Hebu liweke hilo karibu na Krabbé. Ikiwa jitihada inapunguza akili, basi gia nyepesi inairudisha. Kuchagua gia ni kuchagua aina ya sentensi utakayoiandika ukifika. Gia nzito inakupa De Renner: kali, fupi, isiyo na miti. Gia nyepesi inakupa maelezo marefu ya maua na nyumba za wageni, ambayo mengi, jamani, yanachosha kuliko mwinuko wenyewe. Sisemi Vélocio ameshinda. Ila kimya chake kilikuwa tofauti. Barabara zake za mwaka 1890 hazikuwa na injini, lakini zilikuwa na watu: mikokoteni, mbwa wa wachungaji, wanawake wanaotoka sokoni. Anayesoma jarida lake leo akatamani kurudi kwenye utulivu ule anatamani kitu ambacho hakikuwa kitupu hata kidogo.

Maurice Leblanc sitamkalia sana. Kabla hajamtunga mwizi wake maarufu Arsène Lupin mwaka 1905, aliandika Voici des ailes (1898), riwaya ya wanandoa wawili wanaozunguka Normandie na Bretagne kwa baiskeli, na njiani wanawake wanaachana na makoti ya kubana, kisha wanandoa wanabadilishana wapenzi. Kwa wakati wake ilikuwa ujasiri, na nguvu ya baiskeli kumfungua mwanamke imeshikwa vizuri. Nchi yenyewe ni pazia la nyuma ya jukwaa. Matajiri wanne wanahitaji mahali pa kupendania, na vijiji vinatoa mahali.

Aliyekisikia kimya, kwa maoni yangu, ni mtu ambaye watu wa baiskeli hawamtaji sana: Simone de Beauvoir, katika La Force de l'âge (1960). Alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Kiangazi cha 1941 yeye na Jean-Paul Sartre walivuka kwa siri mstari uliogawanya Ufaransa, wakaenda kusini kwa baiskeli, Sartre akitafuta waandishi wa kumuunga mkono katika kikundi chake kidogo cha upinzani. Alimwendea Gide, akamwendea Malraux, hakupata alichotaka. Katikati ya siasa hizo kuna vilima. Beauvoir anasimulia kwamba Sartre aliipenda baiskeli kuliko kutembea kwa miguu, maana kutembea kulimchosha kwa mwendo usiobadilika, na kwenye miinuko alikuwa anafyatuka kwa kasi na kumwacha mwenzake nyuma. Sartre! Yule wa miwani na kiko! Nilicheka, halafu nikasoma tena.

Barabara za Beauvoir ni tulivu kuliko za mtu yeyote mwingine katika orodha hii, na sababu inajulikana kwa kila mtu aliye ndani ya ukurasa. Petroli hakuna. Tairi ni za kuombaomba na kutia viraka. Wanaume wengi wa vijiji wanavyovipita ni mateka wa vita Ujerumani. Anafurahia safari, na hafichi furaha hiyo, anaielezea kwa hamu ya mtu mwenye afya nzuri na njaa kali. Ila kila furaha inalipiwa kitu, chakula kidogo, kitanda cha shida, habari mbaya ya redio. Hawezi kusema barabara ni tupu bila wewe msomaji kujua waliotakiwa kuwa juu yake wako wapi. Hakuna mbinu yoyote hapo. Ni hali ya mwaka 1941 imeingia kwenye sentensi, na yeye hakuizuia.

Na ile habari ya jino. Kwenye mteremko katika milima ya Alps alianguka vibaya, uso ukavimba, jino likapotea. Wiki kadhaa baadaye, akiwa amerudi Paris, kidevuni likatokea jipu, akalikamua, na ndani yake likatoka jino. Krabbé angelifanya tukio hilo kuwa hadithi ya roho ya mwendesha baiskeli. Barthes angelifanya kafara. Beauvoir analitaja kama jambo lililotokea, basi, anaendelea na bei ya vyakula. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti inayofaa barabara hizi.

Paul Fournel ningependa kumweka naye upande huo. Alizaliwa Saint-Étienne mwaka 1947, mji wa Vélocio, ni mmoja wa waandishi wa kundi la Oulipo, na Besoin de vélo (2001) ni vipande vifupi vifupi vya mtu ambaye vilima vile vimo miguuni mwake tangu utotoni. Faida yake ni kwamba haendi huko kama mgeni. Hana haja ya kushangaa. Hasara ni hiyohiyo. Kitu ulichozaliwa nacho hukiulizi kilikotoka, na kitabu, pamoja na utamu wake wote, kinaishia kwenye mwili na baiskeli, mara chache sana kwa jirani.

Kuna andiko jingine ambalo sijui kama nikiite fasihi, lakini waendesha baiskeli wa huko wanalisoma kuliko riwaya: ramani ya Michelin ya kipimo cha 1:200,000, sentimita moja kwa kilomita mbili, iliyoanza kutoka mwaka 1910. Barabara kuu nyekundu, za kati njano, ndogo kabisa nyeupe. Barabara yenye mandhari nzuri inatiwa mstari wa kijani pembeni. Mwinuko unaonyeshwa kwa vishale vinavyotazama juu: kimoja kwa asilimia 5 hadi 9, viwili hadi 13, vitatu kwa zaidi ya hapo. Mtu anayetafuta utulivu anakwenda kwenye nyeupe zenye vishale. Ukiifungua karatasi ya Lozère unaona nyeupe kila mahali, zinajikunja kati ya majina ya vijiji vilivyoandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba unainama kuvisoma. Ramani haidanganyi kama riwaya. Inakupa jina la kila kijiji, hata kile chenye moshi wa nyumba moja.

Kabla ya hawa wote alipita Robert Louis Stevenson, mwaka 1878, siku kumi na mbili kutoka Le Monastier hadi Saint-Jean-du-Gard, akiwa na punda jike aitwaye Modestine. Kitabu chake kilitoka 1879. Hakuwa na baiskeli, najua, lakini vilima ni vilevile na mwendo wa Modestine mlimani haukuzidi wa gia nyepesi ya Vélocio. Alimtesa yule punda, na anasema hivyo bila kujipamba, kisha akalia alipomuuza. Stevenson alikuwa na kitu ambacho mshindani hana: alilazimika kuuliza njia. Kwa hiyo kitabu chake kimejaa watu, watawa, wenye nyumba za wageni, mzee anayezungumza dini barabarani. Na alipofika nchi ya Wakamisadi, Waprotestanti wakulima waliompigania Mungu wao dhidi ya majeshi ya mfalme kuanzia 1702 hadi 1704, alijua amekanyaga wapi. Pale Le Pont-de-Montvert, vita vilipoanza kwa kuuawa kasisi, hawezi kulitazama daraja bila kuwaona waliokufa. Kimya cha Cévennes kwake kina majina.

Leo njia yake ni njia rasmi ya watembeaji, inaitwa GR 70, na kuna wenyeji wanaokodisha punda kwa wageni wanaotaka kuifuata. Nyumba za wageni zimefunguliwa tena katika vijiji ambavyo vingeweza kufungwa kabisa. Hapo hoja yangu inapata mtihani, kwa sababu kimya kilichotokana na watu kuondoka sasa ndicho kinachouzwa ili waliobaki wabaki, na kitabu ndicho kilichokitangaza. Waendesha baiskeli nao wanakuja, na Krabbé mkononi. Wanashukia Meyrueis, wanakaa kwenye mikahawa ileile, wanaagiza kahawa, na mwenye mkahawa anawahudumia huku akisubiri wamalize kupiga picha.